Magunia Manne ya Kwaresima

Mbinga, 14 Agosti 1994

Mpendwa Shangazi Eliza,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima huko Lundo, na kwamba goti halikusumbui tena unaposhuka ufukweni mwa ziwa. Sisi hatujambo. Mama anakusalimu sana. Kuku wake karibu wote wamekufa kwa kideri, kabaki jogoo mmoja tu. Baba anasema huyo amepona kwa kiburi.

Shangazi, likizo ya Juni niliona jambo ambalo bado linanizunguka kichwani. Unajua kahawa yetu tangu nizaliwe ilikuwa na mlango mmoja wa kutokea, ghala la chama cha ushirika. Mwaka huu zilikuja gari tatu kwa wiki moja, kila gari na mizani yake. Kwenye moja alishuka mwanamke ambaye hanizidi hata miaka kumi. Alitia mkono kwenye gunia la Baba, akanusa, akataja bei. Hakumwuliza mtu yeyote! Nilikuwa nimesimama nyuma ya kina mama, na nilisahau kufunga mdomo. Baba alikataa kumwuzia. Alisema, "Hawa wachuuzi leo wapo, kesho utawatafuta kwa tochi," akabeba magunia yake kupeleka chamani kama kawaida. Lakini mimi nilifuata lile gari kwa macho mpaka vumbi likaisha.

Sasa nifike kwenye neno langu. Mwalimu Hamphrey, anayetufundisha biashara, ameniazima kijitabu cha chuo kimoja cha biashara cha Dar es Salaam. Zamani walipokea watu waliotumwa na mashirika, wenye miaka mingi ya kazi. Sasa wamefungua mlango hata kwa sisi tunaotoka kidato cha sita moja kwa moja. Lakini mtu ambaye hajawahi kuajiriwa lazima aandike kurasa mbili kuhusu biashara aliyoifanya kwa mikono yake, na alete barua ya mtu aliyemsimamia. Nimekaa na karatasi tupu wiki nzima. Nimesoma kila kitabu cha biashara kilichopo maktaba, viwili nimevirudia. Kwa mikono yangu sijawahi kuuza hata kiberiti.

Naomba nije kwako Desemba, nifanye kazi chini yako. Nitaamka saa utakayotaka. Naomba pia Baba asijue kwanza. Yeye ameshanipangia chuo cha ualimu.

Mtoto wako,
Bonifasia


Lundo, 2 Oktoba 1994

Mwanangu Boni,

Marahaba. Barua yako ilikaa Mbamba Bay wiki tatu kwa sababu mtu aliyepewa ailete alikuwa anaoa. Nimemsamehe, bibi harusi sijui.

Huku wote wazima. Goti langu linajua mvua kuliko redio. Kanisa letu limepata kengele mpya, mwambie baba yako. Mwambie pia kwamba Waanglikana bado tunamwombea, ingawa alitukimbia akaoa milimani.

Njoo. Nimeshangaa kwamba mtu wa kidato cha sita anataka kuja kufundishwa na mtu wa darasa la nne. Nimeisoma barua mara tatu nikidhani nimekosea mahali. Mama Tadea, mwenye vichanja jirani na vyangu, naye nimemsomea. Kasema, "Kumbe tunafanya biashara! Mimi nilidhani tunaanika samaki."

Leta maharage na kitambaa cha kichwa. Viatu acha. Kuhusu Bernadi sisemi kitu, ni kaka yangu, namjua. Wewe njoo.

Shangazi yako,
Eliza


Mbinga, 15 Januari 1995

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Nimefika shuleni salama. Lori lilikwama mara mbili kwenye tope, mara ya pili tulilala njiani, lakini nyumbani nilikuta wote wazima. Baba aliuliza mikono yangu imefanya nini. Nilimwambia nimekusaidia kazi. Hakuuliza zaidi, nami sikuongeza.

Wenzangu bwenini wananiuliza Lundo kuna nini, nashindwa nianzie wapi. Nitawaambiaje kwamba asubuhi mchanga wote unang'aa kwa usipa mpaka macho yanauma? Kwamba vile visamaki vidogo kama kidole cha mtoto vinalisha milima yote hii, na sisi wa milimani tunakula bila kujua? Jambo lililonishangaza zaidi ni wewe. Unachukua usipa mmoja kutoka katikati ya kichanja, unauvunja karibu na sikio, na unajua. "Huu bado." "Huu leo jioni." Nilijaribu siku kumi na nne. Mimi nilisikia mlio ule ule tu, na wewe ulicheka mpaka ukakaa chini.

Na bado ulinisikiliza mimi! Hilo ndilo silielewi, Shangazi. Wiki ile usipa ulipopatikana mwingi na bei ikashuka, ningedhani utapandisha mzigo milimani Kingerikiti kama ulivyozoea. Nilipokuonyesha kwenye daftari kwamba tukihifadhi magunia manne mpaka Kwaresima, Wakatoliki wote wa milimani watakapoacha nyama, bei itakuwa maradufu, ulisema, "Haya, tuhifadhi." Mama Tadea alipita akasema, "Mtoto wa Bernadi anawafundisha samaki kusubiri Jumatano ya Majivu!" Wewe hukucheka. Ulitafuta mbao, tukayapanga juu yake pale ukutani, chini ya bati lako jipya.

Nimeanza kuandika kurasa zangu. Kichwa cha habari nimeweka "Kuhifadhi bidhaa hadi mahitaji yapande". Tafadhali niambie magunia yanaendeleaje.

Mtoto wako,
Bonifasia


Lundo, 5 Machi 1995

Mwanangu Boni,

Marahaba. Nisamehe kwa kuchelewa. Mvua mwaka huu zimekuja na ndugu zao wote. Barabara ya Kitai nasikia ndiyo nzima, huku kwetu daraja moja limeondoka na maji.

Mimi mzima. Siku hizi nashinda kwa Mama Tadea, namsaidia kuanika. Ana mzigo mkubwa na mgongo wake unamsumbua.

Habari za magunia tutaongea tukionana. Wewe soma. Mitihani iko karibu na mitihani haingoji mtu.

Karatasi imeniishia.

Eliza


Mbinga, 12 Machi 1995

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Barua yako imekuja haraka safari hii, siku saba tu! Nashukuru kusikia u mzima. Pole kwa daraja.

Kwaresima imeanza na hapa shuleni tunakula usipa siku tatu kwa wiki. Kila nikiinua kijiko nawaza huenda ni wa kwetu. Najua hutaki kujisifu kwenye karatasi, ndiyo maana umesema tutaongea. Mimi nimeshaandika kwamba mpango ulifanikiwa. Mwalimu Hamphrey amesoma kurasa zangu akasema ni nzuri, zimepangika.

Naambatanisha fomu ya msimamizi. Ina maswali matatu, ni mafupi. Jacqueline, ninayekaa naye dawati moja, ya kwake imejazwa na mjomba wake mwenye duka Songea, kwa mashine ya chapa. Inasema Jacqueline alikuwa "msaidizi wa meneja". Alikuwa anafagia, ameniambia mwenyewe. Wewe andika kwa kalamu tu, haina neno. Mwisho wa kupokea maombi ni tarehe 5 Mei.

Mtoto wako,
Bonifasia


Mbinga, 2 Aprili 1995

Shangazi yangu,

Shikamoo. Sijui kama ninastahili kukusalimu. Mama hajambo, Baba hajambo. Siwezi kuandika habari nyingine za nyumbani leo.

Jumapili baada ya misa mwanamke mmoja alinishika bega nje ya kanisa. Alikuwa amemleta mtoto wake hospitali.

"Wewe ndiye yule wa shule wa Eliza? Mimi Marselina wa Kingerikiti."

"Ndiyo, shikamoo, mama."

"Marahaba. Shangazi yako mwaka huu katupa Kwaresima ya kweli. Tumefunga nyama, tukafunga na usipa!"

Alicheka. Mimi nilicheka kwa adabu, sikuelewa. Ndipo akanieleza. Kwamba ulifika Jumatatu kabla ya Majivu na magunia yote manne. Ulifungua la kwanza barazani kwake, kina mama wamekuzunguka na mabakuli, ukatia mkono ndani ukautoa upesi. Gunia lilikuwa na moto kama uji, usipa umeoza. Ukafungua la pili, la tatu, la nne. Kwamba dereva wa lori alikwambia, "Mama, pandisha vijiji vya mbele, changanya na mkavu, watakula tu," nawe ukamwuliza, "Mama yako anakaa kijiji gani? Nianzie kwake." Kwamba kina mama waliufukia usipa wote kwenye ngolo zao, yale mashimo ya shambani, chini ya majani, uwe mbolea. Na kwamba kwa Mama Tadea humsaidii. Unaanika kwa kibarua, unalipwa bakuli moja jioni, kwa sababu mtaji wote ulikuwa kwenye yale magunia.

Nilisimama pale mpaka uwanja ukabaki mtupu.

Shangazi, ni mimi. Kitabu kilisema hifadhi, mimi nikasema hifadhi. Kitabu hakijui mvua ya Lundo wala bati linavyotoa jasho asubuhi. Lakini kuna jambo moja linanitesa kuliko yote. Siku ya kufunga magunia ulivunja usipa mmoja sikioni. Ukavunja wa pili. Ukanitazama, na mimi nikaendelea kukusomea daftari. Ulisikia nini siku ile? Na kama ulisikia, kwa nini hukusema?

Kurasa zangu ni uongo. Siombi tena nafasi chuoni. Fomu itupe. Nikimaliza mitihani nitakuja kuanika pamoja nawe mpaka mtaji urudi, kisha nitakwenda ualimu kama Baba anavyotaka.

Bonifasia


Lundo, 18 Aprili 1995

Mwanangu Boni,

Marahaba, tena marahaba mbili, kwa sababu ya ile shikamoo uliyoogopa kuitoa.

Pasaka nilikula kwenu milimani. Mama yako amepata vifaranga sita. Yule jogoo sasa ndiyo hashikiki.

Marselina ana mdomo mrefu, lakini hakusema uongo. Sasa nikujibu. Nilisikia. Usipa ule wa kwanza ulikatika kimya kama kitambaa. Wa pili hivyo hivyo. Ulihitaji jua la siku mbili zaidi, na mawingu yalikuwa yameshakaa juu ya ziwa.

Kwa nini sikusema? Nimejiuliza hapa kwenye kichanja cha Mama Tadea siku nyingi. Miaka kumi na tisa napandisha usipa milimani. Hakuna mtu aliyewahi kukaa chini akaandika kazi yangu. Wewe ulifungua daftari, ukaandika juu kabisa "Biashara ya Eliza", ukapiga mstari kwa rula. Nililitazama jina langu pale. Nikaona aibu kuligusa kwa mkono wenye magamba. Nikasema moyoni, huyu amesoma, huenda kuna jambo analijua ambalo sikio langu halilijui. Nilitaka daftari lishinde, Boni. Basi hilo ndilo kosa langu, na ni kubwa kuliko lako. Wewe hukusikia. Mimi nilisikia.

Habari ya hasara sikukwambia kwa sababu ya mitihani. Na kwa sababu ya aibu. Andika zote mbili.

Kuhusu baba yako, nimemwambia kila kitu mezani siku ya Pasaka. Alisukuma sahani ya ugali kando, akauliza:

"Magunia mangapi?"

"Manne."

"Na bado anautaka huo uchuuzi?"

"Muulize mwenyewe, ana mdomo."

"Mimi nimekuuliza wewe, Eliza."

"Anasema hautaki tena. Ndiyo maana nadhani anafaa."

Akaondoka mezani akaenda kutazama kahawa yake, ambayo haina lolote la kutazamwa mwezi huu. Hajasema ndiyo. Hajasema hapana pia.

Fomu sikuitupa. Nimeijaza, iko humu, iangalie. Kurasa zako zile sijazisoma na sitaki kuzisoma. Andika nyingine, uandike yaliyotokea, na ile ya mimi kusikia nikanyamaza usiifiche kwa kunionea huruma. Wakikukataa, watakuwa wamekukataa wewe mwenyewe. Wakikupokea kwa zile za kwanza, watakuwa wamempokea mtu mwingine, na huyo mimi simfahamu.

Posta mapema. Tarehe tano si mbali.

Shangazi yako,
Eliza


Mbinga, 4 Juni 1995

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Natumaini goti limetulia sasa kwa kuwa mvua zimeisha. Mitihani nimemaliza. Nyumbani wote wazima, vifaranga wamebaki watano.

Fomu yako niliisoma nikiwa nimesimama posta. Kwenye swali "Je, ungemwajiri mwombaji huyu katika biashara yako?" uliandika: "Ndiyo. Lakini msimu wa mvua nitamsimamia kwa karibu, na yeye anisimamie mimi." Jacqueline aliisoma begani kwangu akasema, "Boni, hii usiitume. Nikupe muhuri wa mjomba." Niliitia kwenye bahasha pamoja na kurasa mpya, nikaidumbukiza kabla sijapata akili nyingine.

Waliniita kwenye usaili Songea tarehe 26 Mei. Tulikuwa kumi na wanane. Wengi walivaa viatu vinavyolia. Nilipoingia nilikuta watu watatu nyuma ya meza, na mbele yao karatasi zangu, mwandiko wangu na wako pamoja. Sijui nikuelezeje. Waliousoma mwandiko wako walikuwa watu wenye digrii, Shangazi, na mmoja alikuwa ameupigia mstari!

Mzee mmoja alisema, "Binti, wenzako wote wameleta faida. Wewe umeleta hasara tupu."

Nilisema, "Ndiyo, mzee."

"Sema kwa sauti."

"Ndiyo, mzee."

"Kwa nini hukutafuta kitu kizuri zaidi cha kutuandikia?"

"Nilikuwa nacho. Hakikuwa kweli."

Alinifanya nirudie mara tatu kwa sababu sauti yangu ilikuwa inaishia kwenye kola. Kisha mama aliyekaa katikati, mwenye nywele nyeupe, akauliza nani alikuwa na kazi ya kukagua mzigo kabla ya kufungwa. Nikasema ni shangazi yangu.

"Basi uzembe ni wake."

Nikisema ndiyo, nimekutupa. Nikisema hapana, nimedanganya. Sikuwahi kufikiri haraka mbele ya watu maishani mwangu. Nikasema, "Hapana, mama. Yeye alikuwa na sikio, mimi nilikuwa na daftari. Kila mmoja alimheshimu mwenzake kupita kiasi, hakuna aliyeuliza."

Yule mama aliweka kalamu chini. Akawageukia wenzake akasema, "Mimi nimekaa kwenye shirika miaka ishirini na mbili. Lilikufa hivyo hivyo." Hakuniuliza kitu kingine. Nilitoka nje, nikakaa kwenye ngazi, nikalitazama jengo lile na watu wanaopita, nikaona dunia ni kubwa na bado imepata nafasi ya kusoma habari za kichanja cha Lundo.

Jibu limekuja jana. Wamenipokea. Masomo yanaanza Septemba. Baba aliisoma barua yao mara mbili, akaikunja, akaitia kwenye mfuko wa shati lake la kanisani, na hajanirudishia. Leo asubuhi hatukumkuta nyumbani. Mama anasema ameondoka na msumeno na nyundo, hakusema anakwenda wapi.

Nina miezi mitatu. Niambie nije lini.

Mtoto wako,
Bonifasia


Lundo, 7 Juni 1995

Boni,

Marahaba. Barua yako dereva wa lori ameileta mkononi, siku tatu tu. Tumeshangilia hapa mpaka Mama Tadea amepiga vigelegele kwenye mgongo mbovu.

Nyundo iko kwangu. Baba yako ana siku ya tatu hapa. Hajatamka neno biashara hata mara moja. Anajenga vichanja. Viwili vimesimama, cha tatu kimepinda mpaka usipa utateleza wenyewe kurudi ziwani, na hataki kuambiwa.

Jua kali. Panda gari la kwanza utakaloliona, uje kabla hajaanza cha nne.

Eliza